Mwaka wa Sinema za Upanga

Nilifika msibani Kasulu nikitokea Kibondo, mgongo ukiniuma kwa barabara, na kitu cha kwanza nilichokiona sebuleni kwa marehemu kilikuwa Mchina akiruka juu ya paa na upanga mkononi. Wajukuu walikuwa wamewasha runinga. Walipunguza sauti kwa heshima ya bibi yao aliyelazwa chumba cha pili, lakini hawakuizima. Ilikuwa moja ya zile sinema zinazotafsiriwa siku hizi, mtu mmoja anawasemea wote, wanaume, wanawake na watoto, kwa Kiswahili cha mjini na mzaha wake. Kijana mmoja alininyanyukia, akanipa kiti, akasema, "Shikamoo bibi. Tuzime?" Nikamwambia aache. Nikakaa na mkoba wangu mapajani, nikaitazama mpaka yule mtu alipomaliza kuua watu wote uani, akafuta upanga kwa mkono wa vazi lake, akaondoka zake. Mwili wa Mama Perepetua ulikuwa hatua sita kutoka nilipokaa. Nilikuwa sijaingia kumlilia, na tayari nilikuwa nimeshatoa hukumu moyoni: huyu anazungusha upanga mno, na anayejua kuua hazungushi.

Hukumu za namna hiyo nilizipata katika mwaka mmoja wa ujana wangu, mwaka wa sabini na tano, hapa hapa Kasulu. Nilikuwa na miaka ishirini, mwalimu mpya wa shule ya msingi, sijui kupika vizuri wala kunyamaza. Nilipanga chumba katika nyumba ya matofali mabichi nyuma ya soko, ukuta wake ukimwaga vumbi jekundu juu ya shuka kila mlango ulipofungwa kwa nguvu. Asubuhi ukungu uliingia dirishani kama moshi, na nguo nilizoanika jana nilizivaa leo zikiwa bado na unyevu. Chumba cha pili aliishi Bwana Sefu, mtu wa Tanga, mtumishi wa serikali, mcheshi, asiyezoea baridi, aliyevaa koti mpaka adhuhuri. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini na gari la sinema akiwaonyesha watu jinsi ya kuchimba vyoo na kupanda mahindi kwa mstari. Mashine ya sinema ilikuwa ikilala chumbani mwake, imefunikwa blanketi, na nadhani usiku wa baridi kali blanketi lile walishirikiana. Jumapili mchana, gari likiwa halina safari, aliitoa mashine ile na kuipeleka kwenye ghala la kahawa, na huko hakuonyesha vyoo.

Mikanda aliipata kwa Mhindi mmoja wa Kigoma mjini. Tulikuwa tukiziita zote sinema za Wachina, ingawa baadaye nilijua kwamba nyingine zilikuwa za Wajapani. Ghala lilinuka maganda ya kahawa na gunia. Milango ikishafungwa kulikuwa na giza saa tisa mchana, isipokuwa vitundu vya misumari kwenye mabati vilivyong'aa juu yetu kama nyota. Tulikaa juu ya magunia matupu: walimu, wauguzi, wapagazi wa sokoni, akina mama waliotoka misani na rozari zao. Shuka jeupe lilitundikwa ukutani. Jenereta ikanguruma nje, na mara farasi wakaanza kukimbia juu ya shuka.

Shida ilikuwa lugha. Watu wa kwenye shuka walisema lugha yao, na mikanda mingi ilikuwa imepitia Kongo au Bujumbura, kwa hiyo maandishi ya chini yalikuwa ya Kifaransa. Jumapili za mwanzo tulitazama kama mabubu. Kisha Bwana Sefu akamleta Deo.

Deogratias alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka moja pale sokoni. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwembamba, vidole virefu vyenye makovu madogo ya sindano. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi. Siku zile Mtabila, nje kidogo ya mji, haikuwa kambi ya wakimbizi bado, wala hatukujua kwamba siku moja kungekuwa na kambi. Waliovuka mpaka mwaka wa sabini na mbili wakikimbia mauaji walipokelewa na Waha, wenyeji wa hapa, kama ndugu wa mbali, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana. Deo alivuka na mama yake, Mama Perepetua, na dada yake mdogo Imakulata. Baba yao alikuwa mwalimu mkuu. Alitolewa nyumbani mchana, akapakiwa kwenye lori, na aliyewaonyesha askari mlango alikuwa jirani yao, mtu aliyekuwa akija kusomewa barua zake. Deo aliniambia jambo hilo mara moja tu, akiwa anapima kitambaa, bila kuinua macho.

Alisimama pembeni mwa shuka, nusu ya uso wake ikiwa kwenye mwanga, akasoma Kifaransa na kukitoa kwa Kiswahili chenye Kirundi ndani. Hakubadilisha sauti wala hakuigiza. Mfalme akigomba, au mtoto akilia, Deo alisema kwa sauti ile ile ya chini ya mtu anayesoma barua ya mwingine, na ghala zima lilinyamaza kumsikiliza. Nimesikia watafsiri wengi tangu hapo. Hakuna aliyenifanya niamini kama yeye.

Sinema ikiisha tulikwenda kula kwa Mama Perepetua, mimi na Bwana Sefu na Deo. Alikaa kwenye chumba kimoja na jiko la nje lililoezekwa nyasi. Tulikula ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, iliyoungwa mawese, au dagaa siku ambayo gari la Kigoma lilifika. Imakulata, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, alitunawisha mikono. Na pale ndipo mabishano yalipoanzia. Bwana Sefu alipenda sinema za ngumi na mateke. "Upanga ni wa tajiri," alisema. "Maskini ana nini? Mikono yake tu. Ukiona mtu anapiga majambazi kumi na viatu hana, hapo ndipo moyo wangu unapata raha." Mimi nilisema sinema za ngumi ni ugomvi wa watoto wa darasa la tatu, mtu anapigwa mateke hamsini, anafuta damu mdomoni, anasimama. Mimi nilitaka upanga. Nilipenda zile za Wajapani za rangi nyeusi na nyeupe, ambapo watu wawili wanasimama kwenye majani marefu muda mrefu mpaka unasahau kupumua, kisha pigo moja, kisha mmoja anaanguka na upepo unaendelea. Nilisema upanga humlazimisha mtu kuamua. Nilikuwa na miaka ishirini, sikuwa nimewahi kuamua jambo lolote kubwa kuliko rangi ya sketi, na nilisema hivyo mdomo ukiwa umejaa ugali.

"Na wewe Deo?" Bwana Sefu aliuliza.

"Zote zinadanganya jambo moja," Deo alisema. "Angalieni. Stelingi amezungukwa na watu ishirini, lakini wanamjia mmoja mmoja. Wengine wanangoja zamu. Waliokuja kwetu hawakungoja zamu."

Mama Perepetua alisogeza bakuli la sombe karibu na Bwana Sefu, akamwita mwanangu kwa Kirundi, "Kula, mwana wanje, itapoa."

Mama mwenyewe alikuja ghalani mara moja tu. Tulimshawishi wiki nzima. Alikaa kwenye gunia, kitenge kimefungwa kifuani, akatazama watu wakiruka juu ya miti na kuchinjana, bila kucheka na bila kushtuka. Tulipotoka nje, macho yakituuma kwa jua, nilimuuliza ameonaje. "Wale waliouawa pale darajani," alisema, "nani aliwazika?" Nilimwambia wale ni watu wa jambazi, hawana umuhimu. "Ego," alikubali. "Lakini walikuwa wengi. Na sikuona mama hata mmoja akija kuwatafuta." Nilicheka. Jioni ile niliwasimulia walimu wenzangu, nao wakacheka. Kati ya maoni yote niliyoyasikia juu ya sinema zile, na nimesikia mengi, lile la mama yule ndilo pekee lililokuwa na akili, na mimi nililigeuza kichekesho.

Mwezi wa tatu mvua zilikata barabara ya Kigoma. Mkanda uliokuwa kwa Bwana Sefu ulibaki kwake, na Jumapili tano mfululizo tulitazama sinema ile ile. Ilikuwa ya kijana ambaye jamaa zake walichomwa ndani ya nyumba na kabaila mmoja. Walibaki ndugu wawili. Kaka mtu alirudi shambani, akaoa, akanyamaza. Mdogo mtu alipanda mlimani kwa mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, akafundishwa upanga miaka kumi. Miaka hiyo kumi ilipita kwenye shuka kwa muda wa kumenya ndizi mbili: majani yakaanguka, theluji ikaja, kijana akaota masharubu. Mwishoni anapiga magoti mvuani kuaga, na mzee anamwambia maneno, kisha kijana anashuka mlima kwenda kuua.

Jumapili ya kwanza, kwa mdomo wa Deo, mzee yule alisema, "Miaka kumi nimekufundisha ili usiende. Rudi kwa kaka yako ukalime." Kijana alikwenda hata hivyo, kama wafanyavyo vijana. Jumapili ya tatu nilikuwa nimeshazijua sehemu zote, na nilisikia vizuri sana Deo aliposema, "Miaka kumi nimekufundisha kwa ajili ya siku moja. Nenda." Ghala lililipuka kwa makofi. Jumapili ya nne alisema hivyo hivyo, na ya tano.

Nilimuuliza tukiwa jikoni kwa mama yake. Bwana Sefu alikuwa amesafiri. Mama Perepetua alikuwa ameitwa na jirani, Imakulata amekwenda kuteka maji. Tulikuwa wawili tu na moto. Watu walisema sisi ni wachumba. Hatukuwa, lakini hakuna kati yetu aliyekanusha kwa nguvu.

"Yule mzee umembadilishia maneno," nilisema.

"Umegundua."

"Kwa nini?"

Alikata tonge, akalishika bila kulichovya. "Yule mtu yuko kwenye nyumba yetu," alisema. "Jirani yule. Habari imetoka kwa mtu aliyevuka majuzi. Anakaa ndani ya nyumba yetu, analala chumba cha baba. Ni mwendo wa siku mbili tu kutoka hapa, Mwalimu. Siku mbili." Kisha akatabasamu kama mtu aliyefumaniwa na jambo la kitoto. "Basi siku ile nikiwa nimesimama pale, nikaona lile neno la Kifaransa la kurudi kulima, na mdomo ukakataa kulisema."

Nimelitafakari jibu langu kwa miaka zaidi ya arobaini. Nimejaribu kulikumbuka vibaya, kulipunguza, kuliwekea mzaha ambao haukuwapo. Halibadiliki. Nilisema, "Umefanya vizuri. Maneno yako ni bora kuliko yake." Na kwa kuwa alikuwa akinitazama, na kutazamwa na Deo kulinipendeza, niliendelea. "Yule kaka yake aliyebaki kulima, watu wanamwita mvumilivu. Mimi namwita mwoga. Afadhali angeungua na wenzake."

"Mwoga?" aliuliza, polepole.

"Mwoga," nilisema, nikalamba mawese kwenye vidole.

Nilikuwa nazungumzia sinema. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na ni kweli. Lakini alikuwa ameketi mbele yangu mtu aliyetoka kuniambia habari za nyumba ya baba yake, na sikuwa mjinga kiasi cha kutojua kwamba maneno hutua. Nilitaka kumwona akiwa mtu wa upanga. Fundi anayekunja pindo za sketi za walimu hakunitosha. Alichovya tonge lake, akala, akaniuliza kama shule zitafungwa mapema mwaka huu.

Mvua zilipokoma, serikali ilianza kuandikisha wakimbizi wa mipakani kwenda makazi mapya huko misitu ya Tabora, ambako kila familia ingepewa shamba. Mama Perepetua alifurahi kama msichana. Nilimkuta amekaa na Imakulata wakichambua mbegu za maharage, nyekundu huku, za madoa kule, akipanga atakachopanda kwanza. "Hapa nalima kwa hisani ya watu," aliniambia. "Huko nitalima changu. Deo atajenga, atanunua cherehani yake mwenyewe." Kisha akanitazama na kucheka kidogo. "Na walimu wanahitajika kila mahali, siyo?" Majina yao matatu yaliandikwa. Malori yangekuja kabla mwezi wa saba haujaisha.

Deo aliondoka siku kumi kabla ya malori. Ilikuwa Jumatano. Nilipita barazani kwake nikienda shule, nikaona cherehani imefunikwa, na juu yake nguo za wateja zimekunjwa, kila moja na karatasi yenye jina. Hakuna nguo iliyobaki nusu. Gauni langu la kitenge lilikuwamo, vifungo vyote vimeshonwa, na hakukuwa na ujumbe, jina tu: Mwalimu Adelina. Nikajua pale pale. Nilikwenda shule, nikafundisha hesabu za sehemu. Sikukimbilia kwa mama yake, sikumtafuta mtu yeyote wa kumfuata njiani, ingawa alikuwa na saa chache tu mbele yetu. Nilikuwa na hofu, lakini ndani ya hofu kulikuwa na kitu kingine, na nitakiandika kwa sababu nimezeeka: nilijivuna. Siku nzima nilimwona akishuka mlima.

Jioni Mama Perepetua alikuja chumbani kwangu, pekupeku. "Mwana wanje, Deo yuko wapi?"

"Sijui, mama."

"Panga la kufyekea halipo."

"Sijui, mama."

"Hakukuambia kitu? Wewe na yeye mnaongea sana."

"Tunaongea mambo ya sinema tu," nilisema.

Deo alikuwa amevuka mpaka na mtu mmoja, mkimbizi mwenzake aliyekuwa akipasua mbao upande wa Buhigwe, ambaye naye alikuwa na watu wake wa kuwatafuta. Mtu huyo alirudi peke yake siku ya tisa, miguu imevimba. Alikaa kwenye kigoda jikoni kwa Mama Perepetua, nasi tukasimama: mimi, Bwana Sefu, majirani wawili. Alisimulia akiangalia majivu.

Walifika asubuhi ya siku ya tatu. Yeye alibaki kwenye shamba la kahawa, Deo akaingia ndani ya nyumba na panga. Ndani hakukusikika kelele. Alikaa kitambo, kama mtu anayenywa maji, kisha akatoka, na panga lilikuwa safi. Yule jirani alikuwa kitandani, amepooza upande mmoja, mate yanamtoka, mkewe anamlisha uji kwa kijiko. Deo alimtajia jina la baba yake. Mgonjwa akamtazama, akafungua mdomo kupokea uji. "Hata hanijui," Deo alimwambia mwenzake kule kwenye kahawa. "Nimesimama mbele yake na hanijui." Walianza kurudi. Deo alitembea katikati ya njia, hakutaka kujificha, na mwenzake alipomvuta kando alimwambia atangulie. Mke wa yule mgonjwa alikuwa ametoka nje kupiga yowe. Watu walikuja kutoka mashambani pande zote mbili za njia, na askari mmoja. Mpasua mbao alilala kwenye mtaro mpaka giza. Alisikia bunduki mara moja. Baadaye hakusikia kitu.

"Mmemzika?" Mama Perepetua aliuliza.

Mtu yule alisogeza majivu kwa kidole cha mguu.

"Nakuuliza, mmemzika mwanangu?"

"Oya, mama," alisema, akitikisa kichwa. "Sikuweza kurudi pale."

Bwana Sefu alitoka nje akalia kwa sauti, akiegemea ukuta, koti limefunika kichwa. Mimi sikulia. Mama Perepetua aliinama, akaanza kuokota maharage yaliyomwagika kutoka kwenye ungo, moja moja, na tulimwacha aokote kwa sababu hakuna aliyejua la kumfanyia.

Malori yalipofika hakupanda. Karani aliita majina matatu mara mbili. Alisimama kando ya barabara akiwa amemshika Imakulata mkono, akamwambia karani kwamba mwanawe amesafiri na kwamba akirudi asipowakuta atapotea. Alikuwa amesikia habari yote kama sisi. Lakini hakukuwa na kaburi, na mtu asiye na kaburi mama yake anaweza kumngoja. Jirani zake wote wa kuvuka walikwenda Tabora, wakapewa mashamba. Yeye alibaki Kasulu akilima kwa hisani ya watu, mwaka huo na miaka iliyofuata, mpaka alipopata uraia akiwa tayari ni bibi kizee asiyeweza kushika jembe. Kila zilipokuja habari za mkimbizi mpya, na zilikuja nyingi, alitembea kwenda kumuuliza kama amemwona mtu mwembamba anayejua kushona.

Bwana Sefu hakuonyesha tena sinema pale ghalani. Kabla mwaka haujaisha aliomba uhamisho, akarudi pwani, na barua zake zilikoma baada ya ile ya pili. Mimi nilihamishiwa Kibondo, nikaolewa, nikafundisha mpaka nikastaafu. Ningependa kuandika kwamba tangu hapo siwezi kutazama upanga ukichomolewa. Ninazitazama. Kijana wangu alipofungua banda la video Kakonko, mimi ndiye nilikuwa nikimchagulia kanda. Bado nazipenda zile za kimya, za majani marefu, na bado nabishana na vijana kwamba mapigano mazuri ni yale mafupi. Lakini najua sasa zinaficha nini. Kamera haimwonyeshi adui mzee aliyepooza. Haimwonyeshi stelingi akifika na kukuta hakuna aliyebaki wa kulipwa. Wangeonyesha hivyo, nani angepiga makofi? Na mwalimu wa kijiji mwenye miaka ishirini angepata wapi maneno ya kumpeleka mtu kufa?

Kila likizo nilikwenda Kasulu kumwona Mama Perepetua. Nilipeleka sukari, chumvi, blanketi. Alinipokea vizuri, akaniita mwana wanje mpaka mwisho. Mara nyingi nilifika nikiwa nimedhamiria kumwambia, na mara zote nilikunywa chai nikaondoka. Nilimkuta Imakulata pale kila nilipofika: msichana, kisha mwanamke, kisha mama wa watoto aliowazalia nyumbani. Hakuolewa. Mama yake hakuwa akimsemesha sana, nami nilidhani ndivyo walivyo, watu waliofiwa.

Tulimzika Mama Perepetua siku ya pili ya msiba. Asubuhi iliyofuata nilimsaidia Imakulata kuosha sufuria uani. Nywele zake zilikuwa na mvi kuliko zangu. Alikuwa akisugua kwa majivu, bila haraka, na nadhani kwa kuwa mama alikuwa ameshafunikwa na udongo, ulimi wake ulifunguka.

"Mimi ndiye niliyempelekea Deo ile habari," alisema. "Ya yule mtu kukaa kwenye nyumba yetu. Aliyevuka alimwambia mama, na mama akaniapisha nisimwambie kaka. Nikamwambia. Nilikuwa mtoto, Mwalimu, nilitaka aniamini. Mama alijua. Siku ya malori aliniambia, 'Ungefunga mdomo ningekuwa na mwana.' Hakurudia tena. Lakini aliponitazama alikuwa akisema hilo hilo. Ndiyo maana sikuondoka hapa. Ningeondokaje?"

Nilikuwa nimeshika mwiko. Maji ya sabuni yalinitiririka mpaka kwenye kiwiko. Nikamwambia. Nilimwambia yote, moto, tonge, kaka mtu aliyebaki kulima, neno mwoga, na gauni nililolichukua barazani asubuhi ile nikaenda nalo shule badala ya kupiga kelele. Nilisema kwamba habari pekee isingempeleka Deo. Alikaa nayo, akiiogopa, mpaka mimi nilipoipa jina. Nilisema, "Haikuwa wewe, Imakulata. Ilikuwa mimi."

Aliacha kusugua. Kwenye nyumba mtoto alikuwa akilia, na mtu akamtuliza.

"Ulikuwa unakuja kila likizo," alisema.

"Nilikuwa nakuja."

"Ukakaa pale ndani na mama, ukanywa chai niliyoipika mimi."

"Ndiyo."

"Na uliniona ninavyoishi."

"Nilikuona."

Nilingoja anitukane. Nilitamani anirushie lile sufuria. Alilisuuza, akaligeuza juu ya jiwe likauke, akafuta mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja. "Ungeniambia wiki iliyopita, mama angali hai," alisema, "ningekushika mkono nikupeleke kwake umwambie. Wiki iliyopita tu, Mwalimu. Akili zake zilikuwa timamu." Kisha akachukua lile sufuria na jingine, akasimama, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya heshima, kama unavyomwambia mgeni. "Kuna gari la Kibondo linaondoka saa nne. Ukitoka sasa utaliwahi."

Niliingia ndani kuchukua mkoba wangu. Hakuna aliyenisindikiza. Gari nililiwahi.